Kalenda ya Mwaka Uliokwisha

Niliinunua Gikomba kwa shilingi kumi,
kalenda ya kurarua, ya mwaka uliokwisha.
Muuzaji alicheka: "Mama, hii imeshakufa."
Nikamwambia, mstari si maziwa.

Nikaitundika juu ya jiko la mafuta,
Kariobangi, ghorofa ya nne, chumba cha mwisho,
huku ambako maji hufika Jumatano
yakiwa yamechoka kupanda ngazi.

Kila alfajiri, kabla Ndanu hajaamka,
kabla mashine ya posho haijaanza kunguruma,
nararua karatasi moja.
Inasema Jumatatu. Nje ni Alhamisi.
Nasoma, nakunja, natia kifuani
pamoja na nauli.

Siku moja ilinipa ndege wasiolima na bado wanakula.
Nikawatazama shomoro wa Gikomba kando ya mto,
wakiwaibia korongo chembe za githeri.
Nikasema: kumbe hata hawa huamka mapema.
Siku ile nilitia zipu kumi na saba.

Siku nyingine ilinipa ukoo mtupu,
fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani,
nikaenda kazini kama niliyekunywa chai bila sukari.
Jioni, nikifunga kibanda, ndipo iliponijia:
wote wale, jina baada ya jina,
walikuwa wanangoja.

Halafu ukaja ule usiku wa Machi.
Mstari wa asubuhi yake, sitausahau,
uliniahidi kupita kwenye moto nisiungue.
Kweli, sikuungua. Nilikuwa nyumbani, nimelala.
Ila cherehani yangu niliyoilipia miaka mitatu
niliikuta mifupa katika majivu,
gurudumu limepinda
kama mdomo wa mtoto anayezuia kilio.
Nikamwambia Mungu, kwa Kikamba,
asije akasingizia hakunielewa:
Ulitaja mwili tu. Cherehani hukuitaja.

Siku kumi na moja sikurarua.
Nilipika nikiipa mgongo.
Sikuomba, ila kwa mazoea,
kama mtu anayepapasa swichi na umeme umekatika.

Siku ya kumi na mbili Nasambu wa chumba cha tatu
aligonga, sketi ya shule mkononi.
Hakuja na mahubiri. Alikuja na shilingi arobaini.
"Nipindie hii, Syombua. Hata kwa mkono."

Nikatafuta sindano. Kwenye kopo, hakuna.
Chini ya godoro, hakuna.
Ndanu akanyoosha kidole ukutani:
nilikuwa nimeichomeka mwenyewe, zamani,
katikati ya kalenda.

Sasa utaichomoaje sindano bila kutazama?
Nilitazama.
Ulikuwa mstari mfupi, wa kumtegemea Yeye,
wala akili yangu nisiiegemee.
Nilikuwa nimeegemea ukuta. Nikakaa chini.

Ndanu akauliza: "Turarue zote kumi na moja, tuifikie leo?"
Nikakumbuka mkate wa jangwani,
jinsi wa jana ulivyofanya funza.
"Rarua moja," nikasema.
"Hata hivyo tumechelewa mwaka mzima,
na bado anatupata."

Nikapinda sketi ile dirishani,
mshono baada ya mshono, vidole vikilalamika.
Cherehani sijapata.
Naandika hivi ili mtu asije akadhani
hadithi hii ina cherehani mpya mwishoni.

Kuna karatasi ya leo, ambayo nyuma yake
Ndanu ameandika kwa penseli:
unga, viberiti, deni la Kioko mia mbili.
Nikiiinua kwenye mwanga
deni na ahadi husomeka pamoja, herufi juu ya herufi,
na katikati yake tundu la sindano
ambalo, nimelifuata kwa kidole,
limepenya hadi Desemba.