Fa Iliyokufa

Tukuyu hakunyeshi, Tukuyu kunavuja,
ndivyo alivyozoea kusema Mwalimu Subilaga
akiwasha balbu ndani ya tumbo la piano
ili mbao zisivimbe kwa unyevu.
Miaka thelathini na mmoja, piano ile ile
ya wamisionari, mguu mmoja umeliwa na mchwa,
pembe hiyo inaegemea tofali.

Tuliingia na weusi wa chai kwenye kucha.
"Shika kwanza kikombe. Mkono wa baridi husema uongo."
Kisha mkono wa kushoto peke yake, wiki tatu,
kwa kuwa wa kulia, alisema, umezoea kusifiwa.
Aliyegonga kwa nguvu aliulizwa: "Umeona nyoka?"

Kibao cha fa kilikuwa bubu.
Tulicheka: fa imekufa!
Tukakiruka kama shimo la barabarani.
"Rudi. Kibonyeze. Kipe muda wake wote.
Marehemu naye ana kiti chake."
Tukabonyeza kimya, mvua juu ya bati ikatuhesabia.

Mwaka aliostaafu akaja fundi kutoka Uyole
na koleo, gundi, kipande cha blanketi.
Fa ikalia.
Mwalimu aliinamisha kichwa, akaisikiliza mara nne,
akasema tu: "Iko juu kidogo,"
akaenda kuzima balbu.

Mimi sasa nafundisha Iringa, kinanda cha umeme,
vibao vyote vizima.
Mtoto wa Mhongole amefika kwenye fa, ameikimbia.
"Rudi," namwambia.
Anarudi, anabonyeza, inalia vizuri,
wala haelewi bado nasubiri nini.