Tangi Limechacha

Jumatatu mzigo wa Kiwangwa ulianguka bei,
mananasi tani mbili, yamelainika upande mmoja,
nami kwa uroho nikayapokea yote.
Nikalilisha tangi kama mgeni aliyetoka mbali:
ongeza, mama, ongeza, usione haya.

Jumatano moto wa Bi Hidaya ukawa wa manjano.
Alhamisi ukakohoa.
Ijumaa akaja mwenyewe mpaka uani, nyuma ya soko la Mabibo,
mwiko mkononi, ugali umemkaukia vidoleni.
"Tumpe, wali wangu una kiini.
Wateja wananiuliza kama nimefiwa."

Nikachovya karatasi. Ikarudi nyekundu.

Hawa wanaogeuza maganda kuwa moto
hawali kama tulavyo sisi harusini.
Wapo wa kwanza, wepesi wa mikono,
wanamega sukari na kuacha ukali kila wapitapo.
Wapo wa pili, wakongwe kuliko hewa tunayovuta,
hewa ambayo kwao ni sumu;
hao huokota ule ukali polepole
na kuupuliza juu, uwe gesi.
Nimewafanyia karamu wa kwanza.
Wa pili wamezama kwenye siki.

Semina nzima walisema "chachu ya maendeleo"
wakipangusa midomo kwa tishu.
Hakuna aliyeingiza pua humu.
Chachu ina harufu. Chachu hununa.
Mama yangu, aliyepika komoni Manzese,
aliweka sikio kwenye pipa kila asubuhi
kabla hajatuuliza kama tumeamkaje.
Tulimwonea wivu lile pipa.

Jumamosi alfajiri nikawa Vingunguti, machinjioni,
ndoo mbili, nailoni, na kitenge cha kufunikia.
Chiduo alikuwa ndani ya buti zake za mpira
anapasua tumbo la ng'ombe, mvuke unamlamba kidevu.
"Wenzio huniomba maini," akasema. "Wewe mavi."
"Si mavi, Chiduo. Mbegu."
Akacheka mpaka kisu kikatulia.
Lakini alinijazia, akashindilia kwa ngumi
ili hewa isibaki,
kama mtu aliyewahi kufunga mzigo wa thamani.
Dereva wa bajaji aliongeza elfu moja, ya harufu.

Nikamimina. Chokaa, viganja vitano. Maji.
Kisha kazi ngumu kuliko zote: kutofanya kitu.
Siku sita sikulilisha hata ganda.
Wauza ndizi wakanisusia salamu,
taka zao zinapanda ukutani, nzi wanahesabu mali.
Bi Hidaya akanunua gunia la mkaa wa Kisarawe
akalipitisha mbele ya mlango wangu, makusudi,
na mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu
nikiwa nimevaa ndala.

Usiku wa saba umeme ulikatika.
Majenereta ya barabarani yalipochoka,
nikalala kifudifudi juu ya mfuniko
na kuweka sikio.
Kimya.
Kimya chenye uzito, kama cha mtu anayefikiria jibu.
Halafu: blup.
Moja. Nikahesabu hadi arobaini.
Blup.
Sikumwita mtu. Nani ungemwambia,
saa nane ya usiku, Mabibo,
kwamba kitu kisichoonekana kimecheua?

Asubuhi niliburuta mpira hadi jikoni kwake.
Kiberiti cha kwanza kikazimika, cha pili pia.
Wa tatu ukashika, samawati,
mdogo, mwembamba kama ukucha wa mtoto,
ukazunguka jiko mzima, bila kukohoa.
Unatosha birika moja. Haufiki kwenye maharage.

Bi Hidaya akainama, akatazama moto, si mimi.
"Deni la gunia liko palepale," akasema,
akatia majani ya chai.

Nami mfukoni nilikuwa na ganda moja la ndizi.
Nililipima kwa kiganja.
Nikalikata nusu.