Sita na Tisa

Theluji imeziba mlango wa shule, Mestia.
Mwalimu Nateli anajumlisha upya,
kidole kwenye safu, chai imepoa.
Hapa. Zviadi, jiometri: tisa.
Karatasi yenyewe inasema sita;
aliisoma kichwa chini, ng'ambo ya meza.

Tisa hiyo imeshachinjiwa kondoo.
Bibi mtu ameibandika juu ya jiko.

Rula. Mstari mmoja, usiofuta:
kosa nalo lisomeke.
Sita. Sahihi. Tarehe.

Akavuta mabuti, akapanda kilima,
daftari kifuani,
kama apelekaye habari za msiba.

Mvulana akafungua,
akatazama daftari kabla ya uso.
"Nilijua, mwalimu," akanong'ona,
asisikiwe ndani.
"Ile nyama sikuila."