Siku ya Tatu

Kalenda ya duka la gesi nimeiteremsha ukutani,
nimeilaza mezani kama mgonjwa wa kupimwa.
Oktoba, nasema. Oktoba joto la Mabela huwa limeshachoka kutupiga,
na huko Aleksandria, kwa mujibu wa simu ya Ilham,
kuna upepo wa kutaka shali, si wa kutaka koti.
Naandika: shali.
Nakata. Naandika: shali mbili,
kwani Ghaniya hatabeba yake. Namjua tangu tukikaa dawati moja.

Azzan mwanangu anapita, ufunguo wa gari kidoleni.
"Mama, si bora Istanbul? Kuna hoteli ina bwawa,
na chai ya asubuhi mpaka saa tano."
Namwambia bwawa ninalo, tangi la darini linavuja.
Anacheka, anaondoka.
Hajauliza kwa nini Aleksandria. Hakuna aliyeuliza.

Baba yao alisoma kule miaka miwili.
Alirudi na nusu ya shahada, na kikohozi,
na tiketi ya tramu aliyoitunza ndani ya kopo la biskuti
kuliko alivyotunza cheti chetu cha ndoa,
ambacho mara ya mwisho kuonekana
ni siku tuliyohama Ruwi.

Miaka arubaini mji ule umekula nasi.
Samaki wa hapa mzuri, lakini yule wa Anfushi!
Bahari ya hapa ni bahari, lakini rangi ya ile!
Mie napakua wali, Thuweni anapakua mji:
kona ya muuza vitabu,
ngazi za bibi wa Kigiriki aliyempangisha chumba,
mnara wa taa uliovuma dunia nzima
na leo mawe yake yamelala chini ya maji,
samaki wanayapita bila hata salamu.
Nikaujua mji ule kama mtu anavyomjua mke mwenza
asiyepata kumwona: jina lake, manukato yake,
na pahala anapouma.

Hesabu: riali mia nne na themanini.
Bangili moja imeshauzwa (si ya harusi, tulieni).
Nauli, viza, usiku sita, vidonge vya presha.
Goti langu linauliza kama hoteli ina lifti.
Wamejibu: ipo, inshallah.
Hiyo inshallah ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Au si hiyo.

Saa nane za usiku, kiyoyozi kikinguruma,
nilisoma upya nilichopanga.
Siku ya kwanza, nyumba ya bibi wa Kigiriki.
Siku ya pili, chuo.
Siku ya tatu, kituo cha Raml, alipokuwa akipandia tramu.
Ghaniya akaniuliza simuni: "Na wewe unataka kuona nini?"
Nikanyamaza mpaka salio lake likaisha.

Miaka thelathini nimefundisha jiografia.
Bahari ya Kati nimeichora ubaoni kwa chaki ya buluu
mbele ya watoto wanaopiga miayo;
kidole changu kimetia nanga kila bandari,
mguu wangu, hata moja.

Basi nikaitafuta kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia.
Chuo, mkato. Ngazi za watu, mkato,
hasa kwa goti hili.
Tiketi nitaibeba, ikae mkobani, haina wa kuonyeshwa.
Kama tramu ingalipo (Ilham ana shaka)
nitapanda kwa nauli yangu,
nikae dirishani, nishuke nitakapochoka kukaa.

Asubuhi nimempigia Ghaniya, salio langu safari hii.
"Na siku ya tatu tunafanya nini?"
"Sijui."
Akacheka, kile kicheko kilichotutoa darasani mara mbili.
"Sijui? Wewe?
Haya. Shali yangu nitabeba mwenyewe."