Kati ya Heringi na Maziwa

Kouvola, Jumanne, saa tatu asubuhi,
baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Nimeingia supamaketi kununua heringi wa kopo
na betri za kifaa cha masikio.
Sikio la kushoto liliondoka na matoazi mwaka wa themanini na moja;
la kulia bado huja kazini, likipenda.

Kisha, kutoka darini,
baada ya tangazo la sabuni,
kabla ya tangazo la kahawa,
wimbo wetu.

Si sisi. Wimbo tu.
Wameuvua koti la ngozi, wameunyoa nywele,
wameing'oa sauti ya Pentti na kuchomeka filimbi,
na pale nilipokuwa nikipiga
kama mtu avunjaye mlango wa jirani nyumba ikiungua,
sasa kuna kitu kinatikisika polepole,
mchele ndani ya kibati.

Kwa wimbo huu tulifungiwa ukumbi.
Mchungaji alituombea kwa majina, mbele ya kanisa zima:
Pentti, Jorma, Veli-Matti,
na yule msichana.
Yule msichana ni mimi, Irmeli, mpiga dramu.
Meneja wa kiwanda cha karatasi akasema
tunawaharibia vijana usingizi.
Pentti akamjibu kwenye maikrofoni:
na king'ora chako cha saa kumi na moja alfajiri
huwabembeleza?

Leo king'ora kimenyamaza.
Pentti naye kanyamaza, chini ya theluji ya Valkeala.
Aliyebaki macho ni wimbo,
naye kapewa ajira:
kuuza samaki kwa punguzo la asilimia thelathini.

Ngoma ivumayo haidumu, husemwa,
na ni kweli.
Ila hawakutueleza ngozi yake huenda wapi.
Yetu imepanda darini,
kwenye spika ndogo kama kisosi.

Mjukuu wangu Aamu aliniambia siku moja:
Bibi, roki ni kama simu ya waya.
Naiheshimu. Sijui tu pa kuigusa.
Yeye hutunga kitandani, kwenye simu, chini ya blanketi,
nyimbo zinazokwisha kabla birika halijachemka.
Nilisikiliza mmoja kwa siri, nikalia.
Sijamwambia.

Kwa hiyo sikusimama pale kudai chochote.
Dunia haitudai, wala hatuidai.
Nilisimama kwa sababu filimbi ilikuwa inachelewa,
na mwanamke wa miaka sitini na tatu
hawezi kuvumilia kila kitu.

Hapo ndipo niliposikia kitu kingine.
Kwenye friji za maziwa, kijana,
kibeji kifuani kimeandikwa Niilo,
alikuwa anapanga pakiti huku akigonga kreti
kwa mpini wa kisu cha kukatia maboksi.
Hakuifuata filimbi. Alipita chini yake,
mzito, mkavu,
na ubeti wa tatu ulipofika, akakimbia.

Nusu pigo mbele.
Kosa langu.
Jorma alikuwa akinikodolea macho kila usiku kwa kosa hilo,
na kwenye santuri limo, halifutiki.
Lakini kwenye filimbi halimo. Wamelipiga pasi.

Basi ama kijana huyu ana santuri yetu mahali fulani,
katika sanduku la babu, pamoja na nyavu na soksi za sufu,
ama kosa lile huota lenyewe
kwa kila mwenye miaka kumi na saba,
vidole vya barafu,
na bosi.

Sikumwuliza. Nilitaka yote mawili yabaki.

Mlango wa stoo ukafunguka.
Niilo, punguza kelele.
Neno lilelile la meneja wetu, hata ile pumzi ya puani baada yake.
Kijana akaacha. Akainamia maziwa,
masikio mekundu.

Nikatazama kopo langu la heringi.
Nikaligonga kwenye chuma cha toroli,
mara mbili,
mapema kidogo.