Benchi Lisilotikisika

Mlinzi wa geti la bandari, Bwana Shekuwe, ananijua kwa kikapu.
"Leo umewaletea nini watu wako?"
Namfunulia: chupa mbili za chai, laini za simu kumi na mbili,
machungwa ya Muheza, rozari za katani
walizosokota watoto wa Komunyo ya Kwanza,
na soksi. Soksi ndizo huisha mwanzo.
Huchukua chungwa moja, ushuru wake,
kisha hunisogezea daftari: Ludovika Mdoe, Parokia, saa nne na robo.
Kwenye safu ya "Sababu ya kuingia"
naandika neno moja tu: Wageni.

Ngazi ya meli hupandwa kwa mikono miwili,
nami nina miaka sitini na mmoja
na goti la kushoto lenye maoni yake.
Padre Kihiyo hutangulia, kanzu kaikunja kiunoni kama mvunaji wa mpunga.
Vumbi la klinka limetanda hadi kwenye kope za watu.

Kule juu hawatuulizi habari za Mungu.
Wanauliza bando ni shilingi ngapi,
duka la dawa liko wapi,
leo ni Jumanne au Jumatano.
Mmoja aliwahi kuuliza
kama miti ile ya ng'ambo ni ya kweli.

Arnulfo, mtia mafuta wa injini,
mkataba wa miezi sita, mwezi wa tisa sasa
hajakanyaga udongo.
Kapteni kampa ruhusa ya saa tano.
Tukampeleka Chumbageni, kwenye chumba chetu cha mabaharia,
zamani stoo ya viti vya harusi.

Nilikuwa nimejiandaa! Kitambaa cha meza kimenyooshwa,
sala nimeitafuta kwa lugha yake,
Padre ana stola mfukoni.
Yeye akavua viatu mlangoni, hakuna aliyemwambia,
koti akalitundika msumarini,
akakaa, akalibonyeza benchi kwa viganja
kama mtu anayenunua godoro.
Akasema, kwa Kiingereza chake na changu, vyote vya kuokota:
"Halitikisiki."
Kisha akalala.

Alilala hadi chai ikapoa.
Kengele ya saa sita ikapiga, hakugeuka.
Akina mama wa kwaya walipofika na kelele zao
niliwaswaga kwa khanga kama kuku.
"Nimwamshe, Padre? Maungamo bado. Mkewe hajampigia."
Padre akatazama saa, akamtazama yeye.
"Mwache. Hata Bwana alilala mashuani,
wenzake ndio wakamwamsha kwa hofu zao."

Basi nikakaa.
Kaka yangu Simforiani alikuwa mpishi wa meli.
Mwaka wa tisini na nne sanduku lake lilirudi bila yeye,
kutoka bandari ambayo mama hakuweza kuitamka jina.
Ndani, shati jeupe limepigwa pasi,
kifungo cha tatu kimeshonwa upya kwa uzi wa buluu.
Hakuna barua. Hakuna jina.
Melini nani angepiga pasi kola namna ile?
Miaka kumi na mmoja, hadi alipozikwa,
mama alitoa nia ileile ya misa:
*kwa ajili ya mwenye uzi wa buluu.*
Makatekista walidhani ni mwanachama wa chama fulani.

Koti la Arnulfo pale msumarini
lilikuwa limepungukiwa kifungo.
Kikapuni nilikuwa na sindano na uzi mweusi tu.
Haukufanana na nguo. Nikashona hivyohivyo.

Saa nane na nusu akaamka, ana aibu, shavu lina alama za mbao.
Akapiga simu. Binti yake akamuuliza kama amekula.
Akala machungwa manne, mfululizo, amesimama,
akachukua soksi jozi mbili, ya pili ya mwenzake aliyeko zamu.
Kifungo hakukiona. Labda atakiona baharini.

Getini Bwana Shekuwe akafungua daftari.
"Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"
"Alilala."
Akashika kalamu, akaipitisha juu ya safu moja baada ya nyingine.
Hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo.