Chatu, Kutu na Iliki

Najua moja, si tatu, zitakwazo ofisini,
Faki amefuga Chatu, kajikunja kompyutani,
Munira apenda Kutu, kama hii dirishani,
Nami sijashika kitu, na kodi i mlangoni.

Mama auza iliki, Marikiti, kwa kibaba,
Kihindi hakiandiki, kwa hicho ana akiba,
Kisomali, hashituki, hesabu mwisho ni saba,
Wateja hawamtoki, hurejea na mkoba.

Nikamuuliza juzi: ipi nianze ya pili?
Akafuta tangawizi, kanijibu kwa suali:
“Nani mwenye hiyo kazi? Kwao huitwaje mali?
Anza hapo, mpuuzi, si kila lugha ni wali.”

Kesho naenda Shimanzi, kwa wenye makasha yale.
Waseme; mi mwanafunzi, iwe Java, iwe ile.